Feni ya Binti Kondo

Gerezani, saa nne usiku, umeme umekatika.
Baba ameegemeza tochi ya simu kwenye kopo la vanishi
na anaendelea kusuka waya wa shaba
ndani ya feni ya shangazi yake.
Mia mbili na kumi. Mia mbili na kumi na moja.
Anahesabu kwa midomo tu. Usimsemeshe.

Mimi nimekalia mota ya pampu iliyoungua,
kompyuta mapajani, chaji asilimia thelathini,
nahesabu mizunguko yangu:
nyota ndogo, nyekundu, mia sita na kumi na mbili,
wala hata moja haionekani kwa macho
juu ya mabati haya, hata giza likiwa hivi.

Nyota inafifia kidogo, inarudi, inafifia tena.
Ni doa. Limepita upande wetu,
limekwenda nyuma, limerudi.
Ukijua doa hurudi baada ya siku ngapi
umejua nyota inazungukaje.

“Na doa linaletwa na nini?” aliniuliza Baba mwaka jana.
Sumaku, nikasema.
Akacheka mpaka akakohoa, akanipa rota mkononi
kana kwamba mimi ndiye mgeni wa jambo hilo.
“Mwinshehe mzima nimekusomesha miaka minane
uje uniambie kinachozunguka kinazaa sumaku?”

Ndilo hilo, Baba. Ila kule hakuna shaba.
Kuna gesi inayotokota kama uji,
na mzunguko unaisokota.
Nyota changa humaliza mzunguko kwa nusu siku,
hulipuka, huunguza hewa ya sayari zake
(nawe ulitupa nyundo katikati ya barabara
kwa deni la shilingi mia tano; Mama hajasahau).
Tena ikizidi kasi, ghadhabu haizidi:
imeshiba, kama chuma kinavyoshiba.
Kisha upepo wake yenyewe unaitoka,
sumaku inaushika, inaupeleka mbali,
na kila chembe iendayo inaondoka na kasi kidogo.
Nyota hupunguzwa na pumzi yake.
Madoa yanaadimika.
Hivyo tunasema: nitajie mwendo, nikutajie umri.

Ingekuwa rahisi.

Binti Kondo hana tarehe. Kitambulisho chake
kinasema tarehe moja Januari,
kama wote waliozaliwa mbali na karani.
Mwaka walimkadiria kwa kumtazama uso.
Hanifiki begani.
Juzi alimfukuza msoma mita wa maji kwa ufagio
toka uani Keko mpaka barabara ya lami,
akarudi, akaendelea kupepeta mchele.
Ng’ombe hazeeki maini, akasema,
na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Ndivyo zilivyo hizi ndogo kabisa,
zinazotokota mpaka kiini, zisizo na tabaka tulivu ndani.
Mabilioni ya miaka zinazunguka kama jana,
zinafoka kama jana, breki haishiki.
Halafu, hatujui vizuri kwa nini,
mwendo unaanguka kwa mkupuo,
na ni chache mno tulizozikuta katikati ya kuanguka.
Safu ya umri kwenye jedwali langu
nimeiacha tupu mistari mia mbili na minne.
Msimamizi wangu pale Mlimani hapendi nafasi tupu.
Ameniandikia: kadiria.

Nikadirie kwa kutazama uso?

Umeme umerudi. Mtaa mzima unashangilia, kama kawaida.
Baba anafunga skrubu ya mwisho, anachomeka waya.
Panga moja la feni lina doa la rangi ya mlango wake, kijani.
Nalitazama: limepita. Limepita. Limepita.
Limekuwa duara hafifu, kisha silioni tena.
Harufu ya vanishi mbichi inapata joto.

“Ifungwe moja kwa moja kwenye namba tatu,” aliagiza.
“Moja na mbili hazinihusu.”